Kipimo cha Shangazi

Shangazi alikataa kusimuliwa baada ya kufa. "Nikishakufa mtanisingizia, na sitaweza kuinuka kuwajibu," alisema. Kwa hiyo siku aliyotimiza miaka sabini aliujaza ukoo mzima ndani ya duka lake la ushonaji, akaketi mbele kabisa na chaki mkononi, akaniamuru nisimulie maisha yake. Mimi ndiye niliyekulia chini ya meza yake ya kukatia vitambaa. Sasa nina miaka arobaini na moja na bado nashona kando yake.

Nilianza vizuri. Nikasema alikuja mjini kwa miguu, cherehani ya chuma begani, bega la kushoto, siku mbili.

"Tatu," akasema, akachora mstari wa chaki kwenye mkono wa kiti. Kosa la kwanza.

Haya, tatu. Bega lile lilishuka na halikupanda tena. Hakuwa na utepe wa kupimia, basi akajilaza juu ya karatasi ngumu, akajichora, akaikata. Tangu siku hiyo, kila nguo ya ukoo wetu imekatwa kwa karatasi ile. Suti ya harusi ya baba mdogo, mtu mrefu kama mlingoti, ilimwishia kwenye miundi ya miguu. Ukilalamika, Shangazi alikuwa na jibu moja tu: "Nguo haina kosa. Mwili wako ndio haujazoea."

Na miili ikazoea, hicho ndicho kioja. Watoto tulitangulia kushuka bega la kushoto, wakubwa wakafuata. Mashemeji waliingia kwetu wima, mwaka haukuisha wakawa wamelala upande. Daktari aliandika kwamba ni ugonjwa wa kurithi, akampa dawa hata wifi yangu, ambaye hana tone la damu yetu. Mpiga picha akituona tunakuja huanza kutafuta kibao cha kuweka chini ya mguu mmoja wa kamera.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi hakucheka, ila chaki yake ilitulia.

Hapo nikafika kwenye sehemu niliyoiogopa wiki nzima. Ningeweza kuiruka. Nikasema liwalo na liwe.

"Baadaye ulinunua utepe, Shangazi. Wateja unawapima mpaka kifundo cha mkono. Mpita njia akiingia kuulizia kifungo, unampima. Mimi umenilea tangu nina miaka minne na hujanipima hata siku moja. Inaniuma. Nataka unipime."

Baba mdogo aliinama akaitazama miundi yake.

Shangazi aliinuka, akauvua utepe shingoni.

"Simama wima."

"Nimesimama wima, Shangazi."

"Hee. Naona."

Alinipima bega, mgongo, kifua, kiuno, mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na havikuwa na haraka. Alitaja kila inchi kwa sauti, wifi akaandika. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Alipomaliza akaisoma ile orodha, akaisoma tena, kisha akaitoa karatasi yake ya zamani msumarini na kuibandika mgongoni mwangu.

"Njooni muone," akawaita.

Wakaja. Wifi alipitisha kidole pembeni mwa karatasi, kuanzia shingoni mpaka chini, akitafuta palipozidi au palipopungua. Hakupata.

"Wageni ndio nawapima, kwa sababu siwajui," Shangazi alisema. Kisha sauti ikamshuka. "Lakini ulipaswa kupimwa ukiwa mdogo, mwanangu, kabla hujawa mimi. Hapo nilikosea."

Akachukua chaki, akajichorea mstari wake mwenyewe kwenye mkono wa kiti, chini ya ule wangu. Halafu akanivisha utepe shingoni.

"Kuanzia leo, huyu ndiye atakayewakatia, na kwa kipimo chake."

Ukoo ulipiga makofi. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi katika duka lile. Baba mdogo akanisogelea, akaninong'oneza kwa matumaini makubwa:

"Kwa hiyo, binti yangu, sasa suruali zitanifika miguuni?"

Nikamtazama juu mpaka chini, bega langu la kushoto likiwa limetulia mahali pake.

"Suruali hazina kosa, baba mdogo," nikasema. "Mwili wako ndio haujazoea."