Pingamizi la Nyumba ya Mama

Usiku wa kuamkia leo nimeota kesi yetu inasikilizwa sebuleni kwa mama.

Kesi yenyewe ni ya kweli. Manispaa imeubadilisha mtaa wetu kutoka makazi kuwa biashara, nasi tumeweka pingamizi, maana mama hana pengine pa kwenda. Ila ndotoni mwenyekiti wa baraza alikuwa jiwe la mpaka la kiwanja chetu. Limeketi kwenye kochi, limevaa tai, udongo bado unalidondoka.

"Sheria ni nyepesi," linasema. "Mahali pa biashara pana muuzaji na mteja, basi. Wewe Mhina, ukimpata humu ndani mtu mmoja wa kukuita mwanangu, nyumba inabaki makazi."

Nikacheka moyoni. Si mama yupo? Kesi hii ni kumsukuma mlevi tu.

Mama yuko jikoni, nyuma ya kaunta ambayo sijapata kuiona.

"Karibu mteja."

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani? Tuna sabuni, tuna vocha."

Jamani! Uchungu ule sikuutegemea. Nikamwonyesha kovu la gotini, nililolipata nilipoanguka uani kwake. Akalitazama kwa makini, akasema mali ikishauzwa hairudishwi.

Nageuka, jiko limekuwa korido ya manispaa. Kuna foleni ya milango ya majirani, kila mmoja umeshika kitasa chake mkononi.

"Mnangoja nini?" nauliza.

"Kufanywa vioo vya maduka," unajibu mlango wa Mzee Kibwana. "Sisi tulichelewa kuweka pingamizi. Pita tu, kijana, wewe bado una mtu."

Napita, na niko tena mbele ya mama. Jiwe linatazama saa yake, linapiga miayo. Nasema tu, "Nina njaa."

Mama anachukua mwiko, anakwangua sufuria, ananitilia ukoko kiganjani, ule wa pembeni ulioungua kidogo, ninaoupenda tangu utoto.

"Kula, mwa..."

Jiwe likagonga meza. "Imeonekana. Muuzaji amemwonjesha mteja. Eneo ni la biashara."

Nililia kwa sauti, bila haya, huku natafuna.

Nikaamka kumekucha. Kitu kigumu kimenasa kwenye gego. Nikakichokonoa kwa ukucha: punje ya wali, imeungua upande mmoja. Na jana sikupika. Nililalia chai tupu.

Bado naishangaa, simu ikaita. Alikuwa mama, anaongea kwa kunong'ona.

"Mhina, mwanangu, kuna mtu kaingia, kakaa sebuleni. Anauliza tunafungua saa ngapi."