Mivukuto ya Jiwezeni

Ukiingia nchi ya Jiwezeni kutoka upande wowote, kilichokupokea kwanza hakikuwa mji bali sauti, huu-fwaa, huu-fwaa, mchana kutwa, mvumo wa mivukuto sabini ya ngozi za mbuzi, mifuko ya kupulizia upepo kama ya wahunzi, iliyopangwa kwa duara juu ya Kilima cha Pumzi, midomo yake ikielekea mbinguni, na juu ya kila mmoja raia akiukanyaga kwa zamu mpaka magoti yatetemeke. Mivukuto hiyo, msinicheke, ndiyo iliyoleta mvua. Ndivyo walivyoamini. Katikati ya duara lilisimama jumba la Mtemi Gombera, Bwana wa Pumzi, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye hakuwahi kukanyaga mvukuto hata siku moja, pamoja na wazee wa baraza lake, waliokula mavuno ya kwanza ya kila shamba kwa hoja kwamba mvua ni yao, basi na kinachooteshwa na mvua ni chao. Watoto walifundishwa kuwa kabla ya mvukuto wa kwanza dunia ilikuwa mwamba mkavu. Jamani, na mababu zao walikuwa wakila nini? Hakuna aliyeuliza. Jina la Mungu lilitajwa mtu akijikwaa tu, basi.

Mwaka ninaousimulia, mvua za masika hazikuja. Mawingu yalionekana, tena meusi, mazito, yamejaa nyuma ya milima ya mashariki, lakini kila yaliposogea kidogo yalirudi nyuma. Mtemi akatoka barazani akatangaza kwa huzuni kubwa kwamba raia wamekuwa wavivu. Zamu ziongezwe maradufu. Tena utengenezwe mvukuto mpya, mkubwa kuliko nyumba, na kila kaya itoe mbuzi wake wote, kwa ajili ya ngozi. Nyama ingeliwa jumbani, isiharibike.

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Nyamizi, mwenye nyayo ngumu na maneno makali, ambaye kwa miaka thelathini hakukosa zamu hata moja. "Mvua ya mwaka jana," alizoea kuwatania wenzake, "nusu yake ni miguu yangu hii." Binti yake alifariki akijifungua, akamwachia mjukuu, Kalunde, mtoto wa miezi sita aliyeishi kwa maziwa ya mbuzi mmoja. Mbuzi mwingine hawakuwa naye.

Asubuhi moja Sengo, mnyapara wa mivukuto, akafika na kamba mkononi.

"Shikamoo, mama. Nimefuata mbuzi."

"Huyu? Sengo mwanangu, huyu ndiye mama wa huyu mtoto. Ukimchinja, umechinja wawili."

"Amri si yangu." Sengo akatazama chini. Yeye pia alikuwa na watoto. "Sikiliza. Ukanyage zamu tatu mfululizo, peke yako, bila kusimama. Ukiweza, nitasema mbuzi wako ana upele, ngozi haifai."

"Tatu tu? Hebu nipishe!"

Akapanda kilimani mtoto mgongoni, akamlaza kwenye kivuli cha ukuta wa jumba, na Sengo akasimama kando akimshika mbuzi kamba. Zamu ya kwanza Nyamizi aliimaliza akiimba. Ya pili alinyamaza. Katika ya tatu, jua likiwa limeinama, goti la kulia likakataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Akausukuma mvukuto kwa viganja, kisha kwa viwiko, jasho na machozi yakimchuruzika pamoja, akimtazama mtoto, akimtazama mbuzi. Mwisho hata kiwiko kikagoma. Akalala chali, uso umeelekea juu.

"Sina tena," akasema, na hakuwa akisema na Sengo. "Ee Mungu, nilidhani ni miguu yangu. Kumbe hata hii ulinipa wewe. Mtoto ni wako. Mimi nimefika mwisho."

Mvukuto wake ukanyamaza. Jirani yake akaacha wa kwake ili amwinue. Aliyefuata akaacha ili aone kuna nini. Ukimya ukazunguka duara lote, mvukuto baada ya mvukuto, hadi wa sabini.

Walionisimulia hushusha sauti wakifika hapa. Walisikia mtoto akipumua. Walisikia mbuzi akitafuna. Kisha kitu cha baridi kikawagusa shingoni, wakatetemeka watu wazima: ulikuwa upepo, upepo ambao si wao waliouvumisha, ukitoka mashariki kwa upole, kana kwamba ulikuwa umesimama mlangoni siku zote ukingoja makelele yaishe. Nyuma yake yakaja mawingu. Yalikuja polepole, bila kusukumwa na mtu, yakatanda juu ya Jiwezeni yote. Kuna waliopiga magoti bila kujua.

"Mama," Sengo akanong'ona, "ina maana tulikuwa tunayafukuza?"

Nyamizi akafungua kinywa. Tone la kwanza lilimwangukia mdomoni. Kamba ya mbuzi ilimponyoka Sengo, wala hakuinama kuiokota.

Mtemi akatoka mbio, vazi limelowa. "Nani kawaruhusu kuacha? Pulizeni!"

"Kulima tutalima, Mtemi," akasema Nyamizi, akimfunika mtoto kwa kanga. "Kupanda tutapanda. Hii nyingine haikuwa kazi yetu."

Watu walikuwa wanashuka kufuata majembe, na wazee wa baraza wakiwa mbele yao. Mtemi akabaki na mivukuto inayojaa maji. "Na mimi je?" akaita. "Mkiacha wote na mvua isikome, mimi nitakuwa nani?" Hakuna aliyegeuka. Basi akavua viatu, akapanda juu ya mvukuto wa Nyamizi, akaanza kukanyaga.

Mvua ilinyesha nchi nzima, usiku na mchana, isipokuwa mahali pamoja: kiduara kidogo cha vumbi juu ya kilima, kumzunguka Mtemi. Wengine husema ulikuwa upepo wa mvukuto wake. Wengine husema mengine.

Siku ya tatu Nyamizi akapanda tena, Kalunde mgongoni ameshiba, na kibuyu mkononi. Akasimama pale tope lilipokutana na vumbi. Midomo ya Mtemi ilikuwa imepasuka.

"Maji hayo," akauliza kwa shida, "umeyatoa wapi?"

"Nimekinga tu."

Akakiweka kibuyu mpakani, hatua mbili kutoka kwenye mvukuto, akangoja. Mtemi akanyoosha mkono, haukufika. Akakitazama kibuyu, kisha akautazama mguu wake mwenyewe, uliokuwa bado ukipanda na kushuka.