Feruzi anaita kwenye mashine ya pili

...na grisi ninayo mkononi, kopo limejaa, hakuna aliyenizuia, ni kuinama tu na kulisha roulement, zile gololi za hii mashine ya pili kama ninavyoilisha kila asubuhi, lakini nimesimama, ninaisikia inalia kwa chini kidogo kidogo, kama mtu anayesaga meno usingizini, na bado nimesimama, kwa nini huinami, Safiya, unangoja nini, usijifanye, unajua vizuri unachongoja... ikikauka kidogo tu zaidi, ikipata joto kidogo tu zaidi, kile kisanduku pale ukutani kitaisikia na kitaita, na kikiita ni Feruzi anaita, mume wangu, kwa koo lake lile lile lililokwaruzwa na tumbako, mara ya mwisho, maana kesho Lionel anakuja kumfuta. Kumfuta, ndivyo alivyosema, halafu akaona haya, akasema pardon mama, si yeye, ni sauti tu... sauti tu! haya, na mimi nimebaki na nini kingine, mashati yamegawiwa, kofia alichukua kaka yake, kitanda nimekigeuza kichwa nisilale upande wake... "Mama Nadia, leo ngazi ziko mingi, watatuua leo," anasema Larissa kutoka ng'ambo ya mashine, ndiyo mwanangu, ziko mingi, sijui kama nimejibu kwa mdomo au kwa kichwa tu, amesogea pale mashine inapomeza, anasukuma ngazi za michikichi zilizokwama kwa mikono, mawese yamempanda mpaka kwenye viwiko, anaimba kitu cha kanisani, hajui kitu, maskini.

Lionel naye si mtoto mbaya, siku ile alipokuja na visanduku vyake, kila kimoja kama mche wa sabuni, tulimzunguka wote kama tunaangalia ngoma, akabandika vidude vya kusikilizia kwenye mashine zote, akatuambia "hii haiulizi Kinshasa, haiulizi Ulaya, network yetu si munaijua, ikiuliza mbali jibu litarudi mashine imeshapasuka, donc akili yake yote iko hapa hapa ndani, inasikia hapa, inafikiri hapa, inasema hapa", na Feruzi wangu, fundi wa kiwanda kizima, mdomo haukosi neno, akamuuliza, "Bon, na ikikufa, tunaizika hapa hapa?" watu tukacheka mpaka machozi, Mungu wangu, tulicheka, na tazama sasa nani kazikwa... na vikaenea, vile visanduku, mwaka haukuisha vikawa kila mahali, kwa wapasua mbao wa njia ya Bengamisa, kwenye pampu za maji, kwa wale wenye vyumba vya baridi vya samaki, mtu akipita Simi-Simi anavisikia vinaita ndani ya karakana, kila kimoja na sauti ya mtu wake, maana kukata moto wa mashine chenyewe hakijui, patron alisema waya wa kukata utakuja baadaye, baadaye ya wakubwa hiyo, mpaka leo, basi kinapiga kelele tu, mtu ndiye anazima. Na Feruzi ndiye aliyekataa ile karatasi ya maneno ya kuingiza kwenye visanduku vyetu, Lionel alimpa asome Kifaransa, attention, arrêt immédiat, eti angalieni, simamisheni mara moja, akamrudishia, "watu wakisikia Kifaransa watafikiri ni patron anapita, watatengeneza makola ya mashati tu, wacha niwaite vile ninawaitaka", akasimama pale pale akaita, toa mikono, akaita kama anavyotuita siku zote, na Lionel akaiweka ndani, na jioni Feruzi alinisimulia akiwa anakula lituma, anajisifu, eti Safiya, sasa hata nikikuwa nyumbani nalala, niko kazini... ehe, baba, uko kazini.

Homa ndiyo iliyomchukua, wala si mashine, alitoka mzima akarudi anatetemeka, tukasema malaria, tukampa dawa ya malaria, na ilikuwa kitu kingine, kabla hatujajua kitu gani tukawa tunauliza sanda. Nikakaa eda, nikakaa ndani na shuka nyeupe na ukuta, watu wanakuja wanasema ni kazi ya Mungu, ndiyo, ni kazi ya Mungu, nikatoka, nikarudi hapa nikijua nitakuta mahali pake pako wazi, nimejikaza, nimejiambia nitapita bila kupaangalia... na hapakuwa wazi. Alikuwa anaita. Nimeshika beseni la ngazi, mashine ya tatu ilikuwa imepata joto, na yeye akaita kutoka ukutani, beseni likaanguka, mimi pia nikaanguka, nilikojoa, nasema ukweli, nilikojoa kwenye kikwembe kama mtoto, na nilipoinuka nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, furaha ambayo hata siku ya harusi sikuipata.

Nadia binti yangu aliona nadhoofu, akaja hapa kwa ruhusa akamrekodi babake kwenye telefone, akaniletea, mama, shika, utakuwa unamsikiliza wakati unataka, na nilimsikiliza mara moja nikaizima, si sawa, aka, si sawa kabisa, kwenye telefone anasema kwa sababu mimi nimebonyeza, ningebonyeza mara mia angesema mara mia, kama kasuku, lakini hapa anasema kwa sababu amesikia, mashine imelia na yeye amesikia, kabla yetu sote, anaita kwa sababu kuna kitu, na mtu anayesikia si mzima huyo? Nilimuuliza Lionel, akaangalia chini, "mama, haisikie wewe, inasikia chuma tu." Najua. Nimeambiwa. Roulement inazidi kulia... bado kidogo... Larissa amebadilisha wimbo, anaupotosha, hana sauti, maskini, na leo amefunga nywele vizuri, ana mchumba huko ng'ambo ya mto, anasema watafunga ndoa wakipata padri.

Na Emile. Sitaki kuwaza habari ya Emile. Kijana wa Yahuma, hata si Mwislamu, lakini naye mama yake alimfundisha vile mama yangu alinifundisha mimi, sisi wote hapa tumefundishwa hivyo, ukiitwa na aliyekufa usiitike, usigeuze kichwa, kaza mdomo, simama kama ulivyo mpaka apite, maana ukiitika tu ameshakushika mkono, mtakwenda wote... wiki iliyopita Feruzi aliita, toka mashine ya kwanza, aliita na kuita, na kiwanda kizima kikasimama kama miti, mikono kifuani, midomo imekazwa, wengine wanasoma kimoyomoyo, na Emile amesimama pale pale mikono yake ikiwa mahali ilipokuwa, ameinamisha kichwa kwa heshima, kwa heshima! na hakuna aliyezima, na mimi sikuzima, mimi nilikuwa namsikiliza mume wangu, na mkanda ukakatika ukamrukia Emile ukamvunja mkono mara mbili. Feruzi anaita, Emile analia, wote kwa wakati mmoja. Ndipo shemeji yangu papa Waziri akaja kwa patron amevaa kanzu, akasema kwa upole wake, "Marehemu apumzike, si vizuri tumutume kazi", na patron akasema basi itafutwe sauti nyingine, na wote wakaniangalia mimi, eti Mama Nadia ana sauti kubwa, Mama Nadia akiita sokoni anasikika mpaka ng'ambo, na kisanduku kinabeba sauti moja tu, ikiingia hii ile inatoka, nikasema hapana, nikasema mnataka nimtoe kwa mdomo wangu mwenyewe, tafuteni mwingine, nikaondoka nikilia, hiyo jana, Lionel akanifuata mpaka kwenye lango, "mama, nitakungoja mpaka kesho kutwa".

...imepanda, naisikia imepanda, sasa si meno tena, sasa inapiga kelele, sekunde chache tu, niite, Feruzi, niite, mimi nitaitika, mimi siogopi, nichukue mkono... na Larissa je? Larissa atafanya nini ukiniita? Namuona. Namuona kama nimeshaona, atanyamaza wimbo, atakaza mdomo, atainamisha kichwa kile alichokifunga vizuri, na mikono ataiacha pale pale ilipo, kwa ajili yako, kwa kukuheshimu. Wewe utakuwa unaita toa mikono na yeye atakuwa ameganda. Ewe baba Nadia, unajua hawakusikii tena? Wanakuogopa. Wewe uliyekuwa ukipita watu wanakutania, wanakukimbilia na spana... ulikataa Kifaransa ili watu washituke, na sasa wewe ndiye Kifaransa chao. Hakuna aliyekuambia. Nani angekuambia, kama si mimi.

Nimeinama. Grisi inaingia polepole, naisukuma kwa kidole, inaingia, ni moto, inaniunguza, iniunguze, na kelele inashuka, inarudi kuwa meno, inarudi kuwa kitu kidogo, halafu hata hicho kidogo siisikii tena, na ukutani kimya. Hukusema. Nimekunyamazisha mwenyewe, nakulilia na kukunyamazisha, kwaheri basi, kwaheri, baba... kesho nitamwambia nini Lionel, nitaita vipi, maneno yako siyataki, yabaki yako, nikisema yako watasikia wewe ndani yangu wataganda tena, lazima yawe yangu, mabaya mabaya, ya sokoni, ninavyowafukuzia mbuzi kwenye mihogo yangu, kama hivi, "Weye! Mikono inje! Inje, mujinga weye!"

Nimeita kwa sauti kweli? Larissa ameruka nyuma mpaka kwenye magunia, mikono juu, mawese yanamchirizika, macho yamemtoka. "Mama! Kuko nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu," namwambia. "Endelea na kazi."