Nguzo Kutoka Juu ya Maretadu

Bashiri aliona moshi kabla hajafungua geti. Ulikuwa unapenya kwenye paa la nyumba ya maonyesho, ile ya miti na udongo waliyoijenga nyuma ya makumbusho, na wazo lililomjia ni kwamba kuna mtu ameichoma. Alikimbia mpaka mlangoni, akasimama. Moshi ulikuwa mtulivu, wa kuni kavu. Ulikuwa moshi wa mtu anayepika.

"Hodi," alisema, kisha akajiona mjinga, maana nyumba ile haikuwa na mwenyewe.

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, mwaka sabini na tano, na baridi ya Mbulu ilikuwa imekaza. Jumatatu yake makumbusho yangefunguliwa mbele ya mgeni rasmi kutoka wilayani. Mwaka mzima Bashiri na wenzake walikuwa wakihangaikia jambo hilo. Yeye alikuwa na duka na lori. Baba yake alitoka Kondoa akiuza chumvi, akaoa hapa, akazikwa hapa. Wenzake wakuu walikuwa wawili: Verdiana, muuguzi, Mwiraqw wa Tlawi, na Mwalimu Gregory, mtu wa Bukoba aliyekuwa akifundisha historia. Waliomba jengo la zamani la mahakama ambalo lilikuwa limebaki na popo tu, wakapewa. Watu wa mjini wakajiunga. Aliyekuwa na bati alileta bati, aliyekuwa na maharage alilisha mafundi. Wakajiita Marafiki wa Makumbusho, na jina hilo waliliona zuri.

Bashiri aliinama akaingia. Bibi mmoja aliyejitanda kaniki alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga akisonga ugali kwenye chungu cha maonyesho. Ile kadi iliyokuwa imebandikwa kwenye chungu alikuwa ameibandua na kuwashia moto. Kipande chake kilikuwa bado kinafuka pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Funga mlango, upepo unarudisha moshi."

Akafunga. "Bibi, umeingiaje hapa?"

"Kwa mlango."

"Nani amekuruhusu?"

"Kwangu niruhusiwe na nani?"

Bashiri alidhani amechanganyikiwa. Akamweleza taratibu kwamba hii ni nyumba ya kutazama tu, watoto wa shule waje waone wazee walivyoishi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaepua chungu, akasimama, akaenda kwenye nguzo ya kati. Alipitisha mkono nyuma yake, usawa wa bega, akachokonoa kwa ukucha mpaka kipande cha nta kikadondoka. Palikuwa na tundu. Akavuta humo sindano ya kushonea magunia, uzi wake bado uko kwenye jicho.

"Nilikuwa naificha hapa watoto wasije wakaichezea," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno. "Sasa wale watoto nao wana watoto."

Bashiri alikaa chini palepale.

Nguzo ile aliibeba yeye mwenyewe, yeye na utingo wake. Ilikuwa nzito kuliko zote. Kiongozi mmoja wa operesheni ya vijiji alikuwa amesimama pembeni, kule milimani juu ya Maretadu, akisema watu wote wameshahamia kijiji kipya, nyumba hizi zinangoja kubomolewa, kwa hiyo afadhali zisaidie makumbusho kuliko kuwa kuni. Bashiri aliuliza wenyewe wako wapi, akajibiwa wamehama. Kulikuwa na kuku anadonoa uani. Alimwona kuku yule, akapakia nguzo.

"Nilikwenda Tlawi," bibi aliendelea, akirudi kwenye mafiga. "Binti yangu Letisia alijifungua, mtoto hakuwa na nguvu, nikakaa naye mpaka akapona. Narudi, sioni nyumba. Naona shimo kwenye kilima. Nikashuka huko wanakosema ni kijiji, wakanionyesha kigingi kwenye majani. Wakasema, mama Ludovika, hapa ndipo pako, jenga. Nikauliza, nijenge na nini? Wakasema, nguzo zako zimebebwa na lori la Bashiri wa Mbulu." Alimegua ugali. "Wewe unamjua huyo Bashiri?"

"Namjua," alisema. "Ni mimi."

Mama Ludovika alimtazama, wala hakuwa na haraka ya kuondoa macho.

"Basi nawa mikono, ule," alisema.

Alishindwa kula. Alitoka akaenda hospitali, akamkuta Verdiana wodini, akamwambia tu aje. Verdiana alikuja na sare yake nyeupe, akaingia kwenye ile nyumba. Walizungumza Kiiraqw muda mrefu. Bashiri, aliyekuwa nje, alikielewa kidogo, na hicho kidogo kilimtosha.

Wazo la nyumba lilikuwa la Verdiana. Yeye ndiye aliyekataa miti mipya. Alitaka nguzo zenye masizi, zilizokaliwa na watu, ili mtu akiingia asikie harufu ya nyumba ya bibi yake. Alipotoka alipita mbele ya Bashiri bila kumwona, akaenda kushika uzio.

"Nilikuwa namwambia kila mtu hakuna nyumba nzuri kama hii," alisema. "Nilikuja hapa jioni, nikakaa humo peke yangu, nikafurahi."

"Hatukujua, dada."

"Bibi anauliza kama tuna vitu vingine." Alimgeukia. "Bashiri, vile vya ndani uliletewa na nani?"

"Yule yule kiongozi wa operesheni. Alisema wananchi wamechangia."

Mwalimu Gregory aliwakuta hapo. Alikuwa ameshika kadi zilizobaki, kila moja kaiandika kwa mwandiko wake wa ubaoni. Walipomweleza, alifikiria kwanza Jumatatu.

"Tumtafutie pa kulala," alisema. "Mgeni akishaondoka, tutaangalia namna ya kumsaidia. Kwa sasa arudi kijijini."

"Arudi wapi, mwalimu?" Verdiana aliuliza.

Wakati huo mama Ludovika alikuwa ameshawapita akaingia kwenye jengo kubwa. Wakamfuata. Alitembea kandokando ya rafu, hakugusa kitu. Kila aliposimama alitaja jina. Jiwe la kusagia, la marehemu dada yake. Ngozi ya kulalia, ya Tadei. Mbele ya kibuyu cha maziwa chenye mshono wa kamba ubavuni alitikisa kichwa.

"Hiki cha Severina."

"Naye alifariki lini, mama?" Gregory aliuliza kwa upole, penseli iko tayari.

"Nani amefariki? Severina ananyonyesha. Juzi tu alikuwa anakitafuta."

Gregory aliisoma kadi yake mwenyewe iliyokuwa mbele ya kibuyu. *Hapo zamani Wairaqw walihifadhi maziwa katika vibuyu kama hiki.* Aliisoma tena, midomo ikicheza. Kisha akaanza kuziondoa kadi, moja baada ya nyingine, kuanzia mwanzo wa rafu. Zote zilianza na maneno hayo hayo, *Hapo zamani*. Alipomaliza alizitia mfukoni, akavaa koti na kwenda wilayani kusema kwamba Jumatatu hakuna sherehe. Alichoulizwa huko hakumwambia mtu. Muhula uliofuata alihamishiwa Nangwa.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na habari ilikuwa imetembea haraka kuliko miguu. Saa za asubuhi Verdiana alikuta watu uani, wametoka Maretadu gizani, wamejifunika mablanketi kwa baridi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Walimwamkia na kungoja.

Akafungua milango yote miwili. Marafiki wa Makumbusho, wenye bucha, washonaji, mpishi wa misheni, walisimama wameegemea ukuta wa nyuma wakitazama watu wakipita mbele ya rafu kama wapitavyo mbele ya jeneza. Mtu alikuwa akisimama, anainua kitu, anakigeuza kuona chini yake. Severina, mtoto mgongoni, alikichukua kibuyu, akakinusa, akakitia chini ya kanga na kutoka bila kumuaga mtu yeyote. Mpishi wa misheni alianza kulia, wenzake wakamtoa nje.

Mzee mmoja mrefu, Akonaay, alikiona kigoda chake. Alikishusha sakafuni akakikalia katikati ya chumba, na watu wakawa wanamzunguka. Alikaa hivyo mpaka chumba kikapungua. Kisha akainuka, akakirudisha kwenye rafu, pale pale kilipokuwa.

"Chukua, mzee," Bashiri alimwambia. "Ni chako."

"Najua ni changu. Nikakiweke wapi? Tunalala chini ya turubai, mimi, wanangu na ndama. Mvua ikija kitaoza." Alikifuta vumbi kwa kiganja. "Kibaki kwenu. Ila andika jina langu hapo, na uandike kwamba niko hai."

Aliyeandika ni Verdiana.

Mama Ludovika alikaa kwenye nyumba yake uani mpaka mwezi wa tisa. Alikuwa amesema hatoki bila nguzo zake, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Marafiki wakazing'oa, wakazipakia kwenye lori pamoja na majembe, wakashuka kijijini, wakamjengea kwenye kigingi chake. Nyumba ile ilikuwa imezoea kuegemea kilima, na pale palikuwa tambarare. Ilibidi wamwinulie ukuta wa nyuma kwa matofali ya udongo. Bashiri alikuwa ametengeneza maneno ya kuomba radhi njia nzima. Alipoyaanza, mama Ludovika alimwambia maji ya kukandia udongo yamekwisha, akateke mengine. Akaenda kuteka. Maneno yale hakuyamalizia tena.

Jioni akiwa anarudi na lori tupu, yule kiongozi wa operesheni alimsimamisha barabarani. Kulikuwa na kilima kingine, alisema, na miti mizuri zaidi. Serikali ingempa mafuta ya dizeli.

"Lori bovu," Bashiri alisema.

Injini ilikuwa inanguruma katikati yao. Kiongozi aliisikiliza, akamtazama Bashiri usoni, akaisikiliza tena.

"Bovu wapi?"

"Bovu tu," Bashiri alisema, akaingiza gia na kuondoka.