Kiini Kinachong'aa

Saimi alijua tangu Januari kwamba Ilpo, mwenzake aliyetumia naye hadubini moja katika maabara ya chuo kikuu cha Turku, amemwibia picha ya seli kwenye kompyuta. Alikaa kimya makusudi, akaingoja Alhamisi hii, siku ya Ilpo kuwasilisha utafiti wake.

Kwa miaka minne Saimi alikuwa akitafuta mahali inapokaa protini inayopanga nyuzi za kiunzi cha seli. Yeye alisema iko ukingoni, seli inapojisukuma kutambaa. Ilpo alikuwa akimcheka kila walipokunywa kahawa.

Sasa Ilpo alisimama mbele ya idara nzima. Ukutani kulikuwa na picha ya seli yenye kiini kinachong'aa kwa rangi ya kijani, ile inayotiwa ili kuonyesha protini ilipo.

"Wenzetu wengine wamehangaika na ukingo mpaka wamechoka," alisema, akimtupia Saimi jicho. "Kumbe iko ndani ya kiini."

Profesa alitabasamu. Saimi alimalizia andazi lake la iliki, akafuta vidole, akanyoosha mkono.

"Ilpo, seli hizo umezikuza mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Na jeni inayotengeneza protini hiyo, uliing'oa lini kwenye seli hizo?"

"Niing'oe kwa nini? Sijagusa jeni yoyote."

"Basi niliigusa mimi." Saimi alimpa profesa daftari lake, picha ileile imebandikwa na tarehe yake. "Hizo ni seli zangu za kulinganishia, nilizozing'oa jeni hiyo. Protini hiyo hazina hata chembe. Kinachong'aa ni rangi iliyonata mahali pasipo pake."

Profesa alilinganisha picha ya daftarini na ile ya ukutani.

"Endelea, Ilpo," Saimi alisema kwa upole. "Ulikuwa unatueleza inakaa wapi."