Posa na Sayari Zisizo na Jua

Siku ya posa mwanamume hasemi, husemewa. Ndivyo ilivyo huku Kisangani, na Aimée alikuwa amemwonya Timothée wake mapema: "Wewe ukae, ucheke kidogo, mjomba wako, tonton Cyprien, ndiye atasema."

Aimée mwenyewe alikuwa jikoni na shangazi yake Précieuse, sikio kwenye pazia, maana binti haingii sebuleni mpaka aitwe. Lituma ilikuwa tayari tangu mchana: ndizi zimepondwa zikalainika, zikafungwa katika majani mapana, jani juu ya jani, kisha zikatiwa kapuni, nalo likafunikwa blanketi zito.

Sebuleni, baba yake, papa Mbusa, muuza vitenge kwa jumla, akauliza, "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

"Anafundisha université," akajibu Cyprien kwa heshima zote.

"Anafundisha nini?"

Cyprien akakohoa. Timothée, maskini, akafungua mdomo.

"Papa, ninachunguza sayari zenye hazina jua. Zilifukuzwa kwao, sasa zinatangatanga gizani."

Shangazi akajishika kichwa. "Yesu! Amesema mwenyewe!"

"Zilifukuzwa?" papa Mbusa akakunja uso. "Na kule gizani kunaishi nani?"

"Labda vidudu vidogo sana, papa. Hatujajua bado."

Papa akacheka kile kicheko chake cha kukataa bei. Aimée alikijua, baada yake mteja hutoka mikono mitupu. "Bon. Bila jua hakuna muhogo. Bila muhogo hakuna mutu. Cyprien, mutoto wenu arudie siku atapata kazi ya hapa duniani."

Aimée hakungoja aitwe. Akachomoa furushi moja la lituma kapuni, akapita pazia.

"Weye! Hawajakuita!" shangazi akanong'ona kwa nguvu.

Aimée akapiga goti mbele ya baba yake. "Papa, fungua."

Papa akabandua jani la kwanza, la pili, la tatu. "Aïe!" Akapuliza vidole. Mvuke ukamjaa kwenye miwani.

"Moto iko wapi, papa?" Aimée akauliza.

"Moto gani? Si mulizima mchana?"

"Basi sayari pia iko hivyo," Timothée akadakia. "Joto yake iko ndani. Hewa nzito ndiyo majani yake. Ama barafu juu, na maji chini yake..."

Cyprien akamkanyaga mguu.

Papa akafuta miwani. Akamega lituma, akatafuna taratibu, akamega tena. Kisha akauliza lile swali la ridhaa ambalo kila binti huulizwa mbele ya pande zote mbili:

"Aimée, tukule vitu ya hawa watu?"

"Mukule, papa."

Papa akavuta kreti ya bia waliyoileta wageni upande wake. "Donc tumepokea. Lakini wote mushuhudie: binti yangu anaolewa hapa kwetu Makiso. Kule gizani asipelekwe, hata kutembea tu!"

Shangazi alikuwa ameshaanza vigelegele.