Kijiko cha Daktari

Jumatatu asubuhi matangi yote manne ya shamba la kamba yalikuwa maji matupu. Ijumaa iliyotangulia yalikuwa ya kijani, mazito kama uji, yamejaa vijimea vya bahari ambavyo jicho halivioni mpaka viwe mamilioni. Sasa juu povu, chini tope, na katikati kamba wachanga laki mbili hawana cha kula.

Daktari, mkuu wa shamba, mtu wa kuvaa tai hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa, alimnyooshea mwosha vyombo kijiko chake kirefu cha chuma.

"Mama Chupa! Umeacha sabuni kwenye vyombo!"

"Mimi?" Mama Chupa alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye sinki lile, na kila chombo alikisuuza mara sita. "Daktari, sabuni yenyewe unaifungia kabatini kwako."

"Ijumaa niletee ushahidi, au barua ya kuacha kazi."

Mpima maji wa maabara alikuwa shemeji yake Mama Chupa, mume wa mdogo wake. Aliinama kwenye hadubini mpaka shingo ikamkakamaa.

"Shemeji, naona maganda tu. Nadhani ni virusi."

"Vya mafua?"

"Vya vijimea vyenyewe. Kirusi kinajibandika kwenye kijimea, kinaingiza maagizo yake. Kijimea kinaacha shughuli zake zote, kinatengeneza virusi tu, mamia kwa mamia, mpaka kinapasuka. Vikitoka, vinatafuta nyumba nyingine."

"Kama ndugu zako walipokuja kutusalimia."

"Shemeji, acha hizo. Shida ni kwamba hadubini yetu haivioni. Daktari atanicheka."

Mama Chupa alikung'uta maji mikononi. "Sabuni ukiigawa inaisha. Umbeya ukiugawa unaongezeka. Hivyo vitu vyako ni sabuni au umbeya?"

Shemeji alimtazama kama ndiyo kwanza wanajuana.

Siku hiyo hiyo walitia tone la maji ya tangi kwenye chupa ya akiba yenye vijimea vizima. Jumanne ilikuwa imekufa. Tone lake likaenda chupa ya pili, la pili likaenda ya tatu, hadi ya nne, na zote zikafa. Pembeni, Mama Chupa alifanya vivyo hivyo kwa sabuni: chupa ya kwanza ikafa, zilizofuata zikanawiri kijani, hazina habari.

Ijumaa Daktari alizikagua mara mbili, akalegeza tai.

"Hii si sabuni," alikiri. "Sabuni haizaani. Lakini imeingilia wapi?"

Mama Chupa alikitazama kijiko mfukoni mwa koti jeupe. Kila asubuhi Daktari alikichovya baharini kuwaonyesha wageni rangi ya maji, kisha akakitumia kukoroga matangi. Kilikuwa zawadi ya profesa wake, na ndicho chombo pekee ambacho Mama Chupa alikatazwa kukigusa.

Shemeji ghafla akaanza kutafuta kitu chini ya meza.

Daktari alikitoa kijiko polepole, akakishika kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani.

"Utakisuuza?"

"Nitakichemsha kwanza," alisema Mama Chupa, akikipokea kwa ncha za vidole. "Halafu nitakisuuza mara sita. Na ile barua ya kuacha kazi, Daktari, sasa aandike nani?"